Alama 311: Hesabu ya Kuanza Upya Baada ya Kufiwa na Mwenzi

Mfanyakazi aliyefiwa na mwenzi wake Tanzania Bara ana haki ya angalau siku 4 za likizo yenye malipo. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi 4 na siku 10, yaani takriban siku 128 kwa mwezi mwandamo. Mirathi ikifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, kwa kawaida tangazo hukaa siku 90, kisha msimamizi aliyeteuliwa hupewa miezi 4 kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa na kurudisha hesabu. Nao mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani hauruhusu huzuni ya msiba kuitwa ugonjwa kabla haijapita miezi 6.

Hizo ni kalenda nne kwa msiba mmoja. Hakuna hata moja inayomjibu mfiwa swali linalomkosesha usingizi: nitaanza lini kuishi tena, na itanigharimu kiasi gani?

Hapa tutalijibu kwa hesabu: za fedha, za muda na za afya. Kazi, safari na mapenzi mapya humrudisha mtu duniani, na hakuna sababu ya kumwonea haya mjane au mgane anayevitafuta. Lakini kila kimoja kina bei yake, na kinachowavunja wafiwa wengi ni kudaiwa bei zote kwa mkupuo, tena katika mwaka uleule wa kwanza.

Wangapi wako katika hali hii

Ripoti ya Loomba Foundation ya 2015 ilikadiria kuwa dunia ina wajane zaidi ya milioni 258, na kwamba karibu 1 kati ya kila 7 anaishi katika umaskini uliokithiri. Sensa ya 2022 iliwahesabu Watanzania 61,741,120. Kwa hiyo wajane wa dunia ni zaidi ya mara nne ya watu wote wa nchi hii, watoto wachanga wakiwamo. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa uliitenga Juni 23 kuwa Siku ya Kimataifa ya Wajane.

Wajane ni wengi kuliko wagane kwa sababu tatu zinazokwenda pamoja. Wanawake wengi huolewa na wanaume waliowazidi umri. Wanawake huishi miaka mingi zaidi. Na wanaume wakifiwa huoa tena mapema. Utafiti uliofanywa San Diego, Marekani, na kuchapishwa 1996 uliwafuatilia wafiwa kwa miezi 25. Mwisho wa kipindi hicho, asilimia 61 ya wanaume walikuwa wameoa tena au wana mpenzi mpya. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 19. Kule ni Marekani, lakini aliyehudhuria vikao vya ukoo huku kwetu atautambua mwelekeo huo: mgane huulizwa ataoa lini, mjane huulizwa atamheshimu vipi marehemu.

Uzito wa msiba kwa alama

Mwaka 1967 madaktari Thomas Holmes na Richard Rahe wa Marekani walichapisha orodha ya matukio 43 yanayobadili maisha ya mtu, kila tukio na alama zake. Waliipa ndoa alama 50 iwe kipimo cha kulinganishia, kisha wakawaomba watu 394 wayapime matukio mengine kwa kuitazama hiyo. Kufiwa na mwenzi kulishika nafasi ya kwanza kwa alama 100. Talaka ilifuata kwa 73.

Jambo la maana katika orodha ile ni kwamba mambo mema nayo yana alama. Kubadili aina ya kazi ni 36. Safari ya mapumziko ni 13. Ndoa, kama tulivyoona, ni 50. Mwili unapozoea hali mpya hutumia nguvu, iwe hali hiyo ni ya furaha au ya majonzi. Mtu aliyekusanya alama 300 au zaidi ndani ya mwaka mmoja alihesabiwa kuwa katika hatari kubwa ya kuugua. Kati ya 150 na 299, hatari ya wastani.

Sasa tujumlishe mwaka wa kwanza wa mjane aliyeachwa asukumwe na upepo. Kifo cha mume: 100. Mabadiliko ya kipato: 38. Ugomvi na wakwe: 29. Kuhama makazi: 20. Kubadilika kwa hali ya maisha: 25. Kazi mpya: 36. Safari: 13. Ndoa ya pili, labda kwa kushinikizwa: 50. Jumla ni alama 311.

Kipimo hiki kilitengenezwa kwa Wamarekani wa miaka ya 1960, na hakiwezi kutabiri maisha ya mtu mmoja mmoja. Faida yake ni kuweka mambo tunayoyazungumza kando kando katika karatasi moja. Hatari yenyewe si nadharia. Mwaka 1969 jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagane 4,486 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea. Ndani ya miezi 6 ya kwanza walikuwa wamekufa 213, asilimia 40 zaidi ya waliotarajiwa kwa umri wao. Baada ya hapo vifo vilishuka taratibu hadi kiwango cha kawaida. Kwa hiyo nusu mwaka wa kwanza ndio unaohitaji ulinzi mkubwa, na wanaume wanauhitaji pia, hata wale wanaosifiwa kwa kuvumilia.

Shimo la miezi 8

Tuchukue familia ya mfano: baba, mama na watoto watatu. Baba analeta 600,000 kwa mwezi, mama 200,000. Jumla ni 800,000 kwa watu 5, sawa na 160,000 kwa kila kichwa. Baba anafariki. Watu wamepungua kwa asilimia 20, mapato yamepungua kwa asilimia 75. Ili wanne waliobaki waishi kama zamani, wanahitaji 640,000. Mama ana 200,000. Pengo ni 440,000 kila mwezi, na hapo bado hatujasema kwamba kodi ya nyumba haipungui kwa kuwa mtu mmoja ameondoka.

Pengo hilo hudumu hadi lini? Kupata cheti cha kifo, kuitisha kikao cha ukoo na kuandika muhtasari unaompendekeza msimamizi wa mirathi, tuseme mwezi mmoja. Tangazo, siku 90. Kazi ya msimamizi, miezi 4. Hiyo ni miezi 8 ikiwa hakuna aliyeweka pingamizi. Muda huo fedha za marehemu zilizoko benki huwa zimefungwa hadi msimamizi athibitishwe. Miezi 8 mara 440,000 ni shilingi 3,520,000.

Mgawo wenyewe, ukifika, unategemea sheria inayotumika. Kwa mirathi ya Kiislamu, hutangulia gharama za maziko, madeni na wasia usiozidi theluthi moja. Mahari ambayo mume hakuimaliza ni deni, kwa hiyo mke hulipwa kabla ya mgawo. Kisha mke hupata thumuni, 1/8, kama marehemu ameacha watoto, au robo kama hana. Mume aliyefiwa na mke hupata robo au nusu kwa mpangilio huohuo. Katika kanuni za mila zilizotangazwa serikalini 1963, mjane mwenye watoto hana fungu lake. Anatarajiwa kutunzwa na watoto wake. Katika familia yetu ya mfano watoto hao ndio kwanza wako shule ya msingi.

Wajane wawili wa Shinyanga, waliofiwa 1999 na 2000 wakiwa bado vijana, walitolewa katika nyumba zao kwa mujibu wa kanuni hizo. Walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 majaji walikiri kuwa kanuni zinabagua, lakini hawakuzifuta. Rufaa ilitupwa 2010 kwa kasoro ya kiutaratibu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaitaka Tanzania iwalipe fidia na kubadili kanuni hizo. Watoto waliozaliwa mwaka wa msiba wa kwanza walikuwa wametimiza miaka 16.

Kazi: mtaji wa nani, riba ya nani

Kuziba pengo la 440,000 kunataka kazi. Mama wa mfano wetu akiingia katika biashara ya vitenge, na akabaki na faida ya asilimia 20 ya mauzo baada ya kutoa gharama zote, atahitaji kuuza bidhaa za 2,200,000 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni karibu 84,600 kwa siku. Mtaji wa 1,500,000 unaweza kumfikisha hapo ikiwa mzigo utakwisha na kununuliwa tena zaidi kidogo ya mara moja kwa mwezi.

Mtaji huo ataupata wapi? Mlango wa kwanza ni halmashauri. Kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa 2023 ukarejeshwa 2024. Mkopo wa 1,500,000 kwa miezi 10 utamdai 150,000 kwa mwezi. Sharti ni kuwa katika kikundi kilichosajiliwa.

Mlango wa pili ni kikoba. Vikoba vingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya hisa zake. Ili akope 1,500,000 awe na hisa za 500,000. Kwa kununua hisa za 10,000 kila wiki, hiyo ni kazi ya wiki 50. Shimo letu lina wiki 35 hivi. Kwa hiyo anayejiunga baada ya msiba amechelewa. Mwanamke aliyekuwa katika kikoba mume akiwa hai, na akiba ikiwa kwa jina lake, ndiye anayekuta mlango uko wazi siku anapouhitaji. Hilo liwe funzo kwa ndoa zilizo hai leo.

Mlango wa tatu ni kampuni za mikopo midogo zenye leseni. Benki Kuu imewawekea watoa huduma wa daraja la pili ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Riba hiyo ikipigwa juu ya mkopo wote kwa miezi 10, rejesho la 1,500,000 litakuwa 202,500 kwa mwezi.

Mlango wa nne ndio wanaouita kausha damu. Tuseme mkopeshaji anataka asilimia 30 kwa mwezi. Riba pekee ni 450,000, na faida yote ya biashara tuliyoijenga ni 440,000. Mama ataamka alfajiri, atabeba mzigo, atauza, na bado mwezi utaisha akidaiwa 10,000 kabla hajanunua unga. Mjane anapoona mtu anakuja na fedha taslimu msibani bila kuuliza maswali mengi, aikumbuke hesabu hii.

Kazi ina thamani nyingine isiyoandikwa kwenye daftari la mauzo. Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba mfiwa mwenye afya huenda na kurudi baina ya mambo mawili: kukaa na majonzi yake, na kushughulika na maisha yanayoendelea. Kwa maelezo yao, saa anazozitumia sokoni akihesabu chenji ni pumziko halali kwa moyo. Hata eda imeachia nafasi: wanazuoni wengi wanamruhusu mjane kutoka mchana kwa haja, mradi alale nyumbani kwake. Wanaomsema mjane kwa kufungua genge lake siku ya hamsini waiangalie tena ile 440,000.

Safari ina 13, kuhamishwa kuna 74

Safari ndiyo alama ndogo kuliko zote katika jumla yetu. Mwaka 2024, treni ya SGR ilipoanza, nauli ya kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilitangazwa kuwa 31,000, na watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Mama na watoto watatu wa umri huo hulipa 77,500 kwenda, au 155,000 kwenda na kurudi. Kwa kuweka 5,000 kila wiki, ni wiki 31. Anaweza kwenda kwa dada yake, akakaa juma moja mahali ambapo hakuna kiti cha marehemu wala mlango aliouzoea kumsubiria, kisha akarudi kwenye nyumba yake na ufunguo wake mwenyewe.

Kurudi huko ndiko kunakoitofautisha safari na jambo lingine ambalo ndugu hulitoa kwa nia njema mara nyingi: "Rudi kijijini, huku mjini utaweza nini?" Tuhesabu. Kuhama 20, hali ya maisha kubadilika 25, na kwa kuwa uamuzi huo hauji bila mvutano, ugomvi na wakwe 29. Jumla ni 74, karibu mara sita ya safari na mara moja na nusu ya ndoa. Watoto wanaacha shule na marafiki katika muhula uleule waliompoteza baba, na mama anaacha wateja wake waliokuwa wakimpa ile 200,000 pekee iliyobaki. Tukimhamisha, pengo linapanda kutoka 440,000 hadi 640,000.

Sheria iko upande wa mjane. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema kwamba, hata kama mila inasema vingine, mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anakotaka, na yuko huru kubaki bila mume au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe. Kuhama ni haki yake pia, akiamua yeye, kwa wakati wake.

Bei ya kupenda tena

Kwa Mwislamu, eda ikiisha hakuna kizuizi cha kuolewa. Kama ni mjamzito, eda yake huisha anapojifungua. Fungu lake la thumuni au robo ni mali yake moja kwa moja, na halirudi kwa wakwe akiolewa. Kwa ndoa inayofungwa chini ya Sheria ya Ndoa, kusudio hutangazwa siku 21. Wawili wakiishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi wakitambulika kama mume na mke, kifungu cha 160 kinaruhusu kudhaniwa kuwa wameoana, kwa hiyo anayesogea kwa mpenzi "kwa muda tu" ajue kwamba kalenda inahesabu.

Kenya mapenzi mapya yaliwekewa bei iliyo wazi zaidi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, ilimpa mwenzi aliyebaki na watoto haki ya kuitumia mali ya marehemu maisha yake yote, lakini kama ilivyotungwa, haki hiyo ya mjane ilikoma siku akiolewa tena. Ya mgane haikuwekewa sharti hilo. Msiba ni uleule, ndoa ni ileile, lakini mwanamke alipenda kwa kupoteza shamba na mwanamume alipenda bure. Naisema kwa uzito wote: sheria ya namna hiyo humlazimisha mwanamke kuchagua kati ya paa na mwenzi, na huwafunza watoto wake kuyaogopa mapenzi ya mama yao.

Je, ndoa ya pili inaokoa mfuko? Mama wetu sasa biashara imesimama. Ana 640,000 kwa watu 4, sawa na 160,000 kwa kichwa. Anakutana na mgane mwenye watoto watatu na kipato cha 500,000, sawa na 125,000 kwa kichwa. Wakiungana ni watu 8 na 1,140,000: kila mmoja 142,500. Wakiacha nyumba moja na kuokoa kodi ya 150,000, wanafika 161,250. Mama amepata nyongeza ya 1,250 kwa kichwa. Kiuchumi amebaki palepale.

Matokeo hayo yananifurahisha. Yana maana kwamba mwanamke ambaye kipato chake kimeshasimama hana sababu ya kifedha ya kuolewa, na hivyo anaweza kumtazama mtu huyu kwa mambo yanayostahili kutazamwa: anavyozungumza na watoto, anavyolitaja jina la mkewe marehemu, anavyonyamaza. Mjane anayeolewa katikati ya shimo la miezi 8 huwa anatazama 440,000, na hawezi kulaumiwa kwa hilo. Kuziba shimo kwanza ndiko kunakompa uhuru wa kupenda.

Kuna pia ambao moyo hauko tayari, na si kwa sababu ya wakwe wala fedha. Tafiti zilizojumlishwa 2017 zilionyesha kwamba karibu mfiwa 1 kati ya 10 hubaki na huzuni kali isiyopungua hata baada ya miezi mingi, inayomzuia kula, kulala na kufanya kazi. Huyo asitafutiwe mchumba. Apelekwe hospitali, kwa sababu hali hiyo ina tiba.

Kikao cha ukoo kiamue nini

Turudi kwenye 311. Alama 138 haziepukiki: kifo na kupungua kwa kipato. Kazi inaongeza 36, safari 13, jumla 187. Alama 50 za ndoa zinaweza kusubiri mwaka wa pili au wa tatu, kwa hiari ya mfiwa peke yake. Zinabaki 74 za kuhamishwa na kugombana, na hizo zote ziko mikononi mwa ndugu. Wakiziacha, mfiwa huyohuyo, kwa msiba uleule, anatoka juu ya 300 na kuwa na mwaka wa kwanza wa alama 187.

Kikao kinachoandika muhtasari wa msimamizi wa mirathi kiandike na mambo mengine matatu katika karatasi hiyohiyo. La kwanza: mjane au mgane atabaki nyumbani kwake na watoto hadi mirathi ifungwe. La pili: hakuna atakayezungumza naye habari za kuoa, kuolewa au kurithiwa isipokuwa yeye ameanza. La tatu: daftari la michango lisifungwe siku ya kuanua matanga. Watu 44 wakitoa 10,000 kila mwezi wanafikisha 440,000, na kwa miezi 8 wanafikisha 3,520,000 kamili. Misiba yetu mingi huhudhuriwa na watu zaidi ya hao, na wengi hutoa zaidi ya hizo kwa siku moja ya pilau na turubai. Fedha tunazo na watu tunao. Tuzigawe kwa miezi, zimfikie mfiwa wakati wageni wameshaondoka.